Tusilifukuze, tulitege

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Sisi hapa wazima, ila shingo inaniuma kwa kujitakia.

Ni mambo ya Apophis, lile jiwe la angani (asteroidi). Ijumaa ya tarehe 13 Aprili 2029 itapita kilomita 32,000 hivi juu ya ardhi, chini ya zile setilaiti za televisheni zilizo kwenye kilomita 36,000. Jiwe la zaidi ya mita 300! Afrika na Ulaya wataliona hata bila darubini, kwa hiyo kuliona si kazi. Kulirekodi ndiko kunakoninyima usingizi.

Juzi nilifanya mazoezi kwa jiwe dogo, nikajiaibisha mara mbili. Jedwali la kuonyesha jiwe litakuwa wapi angani na saa ngapi lilisema 03:00, nami nikatoka uani saa tatu usiku. Kumbe ni saa tisa. Lilipofika nikaanza kulifukuza, sukuma huku, vuta kule, goti likagonga stendi. Video nzima ni nyota moja inayotetemeka.

Basi shauri langu: tulitege. Apophis ikiwa karibu kabisa itavuka upana wa mwezi mpevu chini ya dakika 1. Mkono gani utaifuata? Tuchague nyota iliyo kwenye njia yake, tuelekeze darubini hapo dakika 10 kabla, mota ya darubini iifuate nyota, sisi mikono mifukoni. Jiwe litaingia lenyewe upande huu wa picha na kutokea ule. Kisha tunahamia nyota ya mbele. Tupige video, maana ukiacha kamera wazi sekunde kadhaa unapata mstari badala ya nukta.

Ila jedwali tulitoe kwa latitudo na longitudo ya pale pale tutakaposimama. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho hili, kisha lile, uone kinavyoruka. Kwa ukaribu ule, nasi tukikosea mahali tutatega penye anga tupu.

Nyumbani wananiuliza kama litatugonga. Lilipogunduliwa 2004 lilitisha kweli, hesabu zikafika asilimia 2.7. Vipimo vya rada vya 2021 vimeondoa hofu kwa miaka 100 ijayo, lakini shangazi bado haniamini.

Mwezi utakuwa mwandamo, giza tunalo. Mawingu ndiyo sina la kuyafanya.

Wewe lete ile betri yako kubwa, na kifaa cha GPS cha kuweka saa sahihi kwenye video. Jumamosi una nafasi? Nataka tujaribu kutega setilaiti kwanza. Na safari hii stendi uishike wewe, goti langu silidhamini.

Wako wa siku zote