Meno ya watoto wenye magonjwa adimu

Mhariri, kuhusu habari yenu ya magonjwa adimu ya kurithi, mmeongelea moyo na macho vizuri tu ila meno mmeyaruka. Kuna huu unaitwa ektodamali displasia, mtoto ana nywele chache, jasho halitoki, meno yanaota mawili matatu tena yamechongoka kama misumari, sasa kwa joto la Dar mwili ukishindwa kupoa mtoto anachemka kama ana homa, unaweza kukuta watu wanadhani ni malaria tu.

Naomba kliniki za watoto wawe wanachungulia na mdomo, mwaka na nusu hana hata jino moja apelekwe kwa daktari wa meno, na bima zilipie meno ya bandia, tena sio mara moja, taya linakua kwahiyo lazima yabadilishwe, na hiyo sio urembo jamani, mtoto anataka kutafuna.