Risala ya Klabu ya Sayansi ya Mimea kwa Mgeni Rasmi katika Siku ya Sayansi Shuleni, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutusikiliza. Klabu yetu ilianzishwa na wanafunzi wachache wa kidato cha tatu waliootesha maharage kwenye makopo, ikahamia kwenye vitunguu maji, na sasa inajifunza kwa kupanda ua la tulipu. Historia hiyo inatosha.

Kuhusu mafanikio, tunajivunia kusema kwamba tulipu zetu tatu zilichanua hapa hapa Moshi, jambo ambalo kwa kadiri ya ufahamu wetu halijafanywa na sekondari nyingine yoyote katika kata hii. Tulipasua kwa wembe tunguu moja, yaani kile kitunguu cha tulipu kinachopandwa, tukaliona chipukizi la ua likiwa limejikunja ndani yake kabla halijagusa udongo. Tuliona petali sita zikifunguka jua linapopanda na kujifunga jioni hewa inapopoa, na tukashangaa ua lililokwisha kukatwa na kutiwa kwenye chupa ya maji likiendelea kurefuka.

Wapo waliotuuliza kwa nini tusibaki na maharage yetu. Sababu ni baridi. Asili ya tulipu ni milima ya Asia ya Kati, na tunguu lake halitoi ua la maana mpaka likae majuma 12 hadi 16 kwenye baridi ya nyuzijoto 5 hivi za Selsiasi, muda ambao sehemu ya wanga uliohifadhiwa ndani yake hugeuka kuwa sukari na shina hupata uwezo wa kurefuka. Matunguu tuliyoyapanda makusudi bila kuyapitisha kwenye baridi yalitoa majani tu. Somo hilo si la maua ya kigeni peke yake, kwa kuwa kabichi zinazolimwa huku kwetu kwenye miteremko nazo hudai baridi kabla ya kutoa maua na mbegu. Baridi ya kutosha tunaiona kila asubuhi juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, lakini haishuki mpaka shuleni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hitaji letu ni moja tu, nalo ni jokofu.

Matunguu yaliyochanua yalihifadhiwa nyumbani kwa mwalimu wetu mlezi. Matunda yanayoiva, kama vile ndizi, hutoa gesi ya ethilini inayoua chipukizi la ua ndani ya tunguu, hivyo familia yake ilivumilia miezi yote hiyo bila kuweka tunda lolote kwenye jokofu lao. Hatuna uso wa kuwaomba tena. Jokofu la jikoni hapa shuleni limejaa mapapai, na wapishi wamekwisha kutueleza msimamo wao. Wazazi wamekubali kuchangia matunguu mapya kutoka nje ya nchi pamoja na taratibu za kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, lakini wanauliza, na wana haki ya kuuliza, yatawekwa wapi.

Mheshimiwa, hatusemi haya kwa kulalamika, bali kwa kuweka kumbukumbu sawa. Ombi hili lilisomwa mbele ya mgeni rasmi wa mwaka juzi, ambaye aliahidi jokofu kabla ya muhula kufungwa, tukampigia makofi mengi. Uongozi wa shule, kwa kuiamini ahadi hiyo, ulitenga kona ya maabara na kumlipa fundi aweke soketi. Mgeni rasmi wa mwaka jana alisikitika sana kusikia hali ilivyo, akaahidi kulifuatilia suala hilo yeye mwenyewe, nasi tunaamini kwamba bado analifuatilia. Kona ipo, soketi ipo, na kwa sasa inawasaidia walimu kuchaji simu zao.

Hatuombi jokofu kubwa wala jipya. Lililotumika litatufaa, mradi litunze baridi hiyo bila kugandisha na liwe na kufuli, kwa sababu ambazo wapishi wanazifahamu. Gharama za umeme zitabebwa na shule, na kipimajoto tunacho.

Matunguu ya msimu mpya huanza kuuzwa mwezi wa Agosti. Tunakuomba basi, kwa heshima zote, ikiwa utaona vyema kutusaidia, utaje na tarehe, ili Katibu wa Bodi aiandike leo hapa mbele ya wazazi. Na ikiwa uwezo hauruhusu, tunakuomba utuambie leo vilevile. Hatutanung'unika, tutarudi kwenye maharage na makofi yatakuwa yale yale.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Klabu ya Sayansi ya Mimea