Mstaafu ahamie wapi?

Mheshimiwa Mhariri,

Nimefundisha miaka 34 hapa Lubumbashi, na sasa watoto wananivuta huku na huku. Mkubwa anataka tuhamie Kipushi, kilometa kama 30 tu, viwanja huko ni nafuu. Mdogo wake anasema turudi kwetu Kalemie, tule samaki wabichi wa Tanganyika. Kalemie naipenda sana, lakini mwaka 2024 ziwa lilifurika likaingia mitaa ya chini, na kiwanja cha marehemu baba kiko karibu na maji.

Wasichouliza watoto ni magoti yangu. Hapa Katuba nafika zahanati kwa miguu. Mama muuza unga ananikopesha bila kuandika popote, nilimfundisha kusoma. Jirani akiona mlango wetu bado umefungwa saa tatu asubuhi, anabisha. Kipushi atabisha nani?

Naomba gazeti lenu liwasikilize wazee waliokwisha kuhama: dawa wanapata wapi, na siku ya pensheni wanafikaje mjini? Mimi na mke wangu hatuuzi nyumba kabla ya kupanga chumba huko tutakakochagua kwa msimu mzima wa mvua, Novemba hadi Machi.

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi