Aliyeipanda mikarafuu naye asimuliwe

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililonikaa moyoni tangu niliporudi kutoka Ghana, nalo ni namna sisi wa Unguja na Pemba tunavyowasimulia wageni, na watoto wetu wenyewe, habari za utumwa.

Binti yangu anafanya kazi Accra, na ndiye aliyenialika. Alinipeleka Elmina, kwenye ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1482, kisha Cape Coast, ambako Waingereza walikuwa wakisali juu ya mahandaki walimofungiwa wanaume. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Nisilolijua lilikuwa Assin Manso, mji ulio ndani ya nchi, kiasi cha kilomita 40 kutoka Cape Coast, penye mto ambamo mateka waliotembezwa kwa miguu kutoka kaskazini waliogeshwa kwa mara ya mwisho kabla ya kufikishwa pwani. Mwongozaji wetu, kijana wa papo hapo, alituomba tuvue viatu, akatutangulia kimya kwenye kijia kinachoshuka mtoni. Siku ile maji yalikuwa machache, yakifika kwenye vifundo vya miguu, na tulisimama humo kwa muda mrefu bila ya mtu kutuhimiza. Palepale Assin Manso yapo makaburi ya watu wawili waliofia ughaibuni, mmoja Marekani na mwenzake, mwanamke, Jamaica. Mabaki yao yalirejeshwa mwaka 1998, yakapitishwa katika mlango uleule wa ngome ya Cape Coast ambao mateka walitolewa kwenda majahazini, kisha yakaja kuzikwa karibu na mto.

Miezi michache baadaye rafiki wa binti yangu, Mghana, alikuja kututembelea, nasi tukampeleka kwenye shamba moja la viungo, Unguja. Alivishwa kofia iliyosukwa kwa majani ya mnazi, akaonjeshwa mdalasini, akapewa kishada cha karafuu akakinusa. Ndipo akamuuliza mtembezaji: mikarafuu hii ilipandwa na nani? Akajibiwa kwamba ilipandwa na Sultani. Mgeni akanigeukia, na mimi niliyefundisha skuli kwa miaka 31 sikuongeza neno. Naona haya hadi leo.

Sultani Seyyid Said alihimiza kilimo cha karafuu, hilo ni kweli. Lakini mikono iliyofyeka msitu, ikachimba mashimo, ikapanda miche, ikachuma na kuanika juani, kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watwana na wajakazi walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichobeba zao hili. Mwaka uliofuata Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, likafungwa. Hapo ndipo watembezaji wengi wanapokomea. Kwa Pemba, hata hivyo, hapo ndipo haja ya mikono ilipozidi, na majahazi yakaendelea kushusha watu kwa siri katika vijito vya mikoko. Mwaka 1881 nahodha wa Kiingereza aitwaye Brownrigg aliuawa katika bahari yetu alipokuwa akilikagua jahazi la namna hiyo. Utumwa ulikuja kuondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897, tena masuria wakaachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo msimulizi anayeishia Mkunazini, mwaka 1873, anaiacha Pemba yote nje.

Najua wapo wazee wenzangu wanaohofia kwamba kuyafukua haya kutawafanya watu waanze kunyoosheana vidole, huyu mjukuu wa bwana, yule mjukuu wa mtwana. Hofu hiyo naiheshimu, maana visiwa hivi vimeshaumia kwa maneno ya asili. Ninachoomba kisimuliwe ni kazi na mahali. Nasaba ya mtu ibaki kwake na isitajwe ila kwa ridhaa yake.

Naziomba mamlaka zinazosimamia mambo ya kale na utalii ziweke japo vibao vya Kiswahili katika mashamba ya zamani ya Pemba, na Banani, karibu na Chake Chake, ambako Wakristo wa madhehebu ya Quaker kutoka Uingereza walifungua shamba kwa ajili ya walioachwa huru. Watembezaji nao wafundishwe kwa kutumia nyaraka za kale zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, na wazee wahojiwe upesi, kwani tunazidi kupungua.

Nyuma ya shamba la marehemu babu yangu kuna kisima cha mawe ambacho yeye alikiita kisima cha watwana. Ukingo wake umechimbika mistari kwa kamba za ndoo, na vidole vinaingia humo. Sasa kimemezwa na vichaka. Nitakisafisha kabla ya vuli, na mwalimu yeyote atakayependa kuwaleta wanafunzi wake nitampokea.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba