Barua ya wazi kuhusu Mekatilili na wazee wanaouawa kwa jina la uchawi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti ya Kilifi anayesimamia masuala ya Jinsia, Utamaduni na Huduma za Jamii,

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa mkaazi wa Ganze, wakati matayarisho ya Agosti yanakaribia, mwezi ambao watu wa kaunti yetu hukutana kumkumbuka Mekatilili wa Menza. Jambo langu ni moja. Mwanamke huyu tunayemwimbia na kumsimamishia sanamu aliitwa mchawi na maafisa wa serikali ya kikoloni, na neno hilo hilo ndilo linalotangulia panga leo katika vijiji vya watu wake. Naomba kumbukumbu yake isifanywe tena bila jambo hilo kutajwa waziwazi, na bila ofisi yako kusema itawafanyia nini wazee wanaoishi chini ya tuhuma hiyo.

Wapo watakaosema kwamba Mekatilili ni historia na mauaji ya wazee ni jinai, na kwamba mambo haya mawili hayafai kuchanganywa. Mimi naona hayatenganiki, na ndiyo maana naomba uniruhusu nirejee kidogo yaliyotokea mwaka 1913.

Mnyazi wa Menza, mzaliwa wa Mutara wa Tsatsu huku kwetu Ganze, aliyepata jina la Mekatilili baada ya kumzaa mwanawe Katilili, hakuwa na cheo chochote katika serikali wala bunduki. Alikuwa mjane. Arthur Champion, afisa wa utawala aliyepelekwa Ugiriama, alitakiwa kukusanya kodi ya nyumba na kupata vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na nyuma ya hayo kulikuwa na mpango wa kuwahamisha Wagiriama kutoka ardhi yenye rutuba kaskazini mwa mto Sabaki. Mekatilili alikwenda kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matangani, na watu walipokusanyika kuitazama aliwakumbusha utabiri wa Mepoho, nabii wa kike wa Wagiriama aliyeonya zamani kwamba wageni watakuja na nchi itaharibika. Kutokana na mikutano hiyo watu walikwenda Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, kula kiapo, wanawake kile cha mukushekushe na wanaume kile cha fisi, kwamba hakuna Mgiriama atakayewatumikia Waingereza.

Wazee wetu husimulia kwamba katika baraza la Chakama, Agosti 1913, alimletea Champion kuku mwenye vifaranga akamwambia achukue kifaranga kimoja aone mama yake atafanya nini, na kuku akamdonoa. Kila mtoto wa shule hapa Kilifi anaijua hadithi hiyo, nami nafurahi anaijua. Lakini huwa tunaikatiza hapo, kwenye kuku, na kuacha sehemu ambayo ingewafaa zaidi watoto hao, nayo ni namna serikali ilivyomjibu.

Hoja za Mekatilili zilikuwa wazi na zilikuwa za haki: kodi, kazi ya lazima na ardhi. Afisa aliyetaka kuzijibu angelazimika kueleza kwa nini mkulima amwache mwanawe aende kulima shamba la mtu mwingine. Kumwita mchawi kuliondoa wajibu huo wote. Watu waliomfuata hawakuhesabiwa tena kuwa watu wenye malalamiko, bali watu waliorogwa, na yeye hakuwa tena kiongozi wa kuzungumza naye, bali hatari ya kuondolewa. Tarehe 17 Oktoba 1913 alikamatwa, na pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola akapelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka wakarudi kwa miguu. Agosti mwaka huo serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikaanza, nyumba zikachomwa, na wao wakakamatwa mara ya pili. Waliachiliwa mwaka 1919, na Mekatilili akarudi kuongoza baraza la wanawake katika kaya ile ile iliyolipuliwa, hadi alipofariki mwaka 1924 na kuzikwa Bungale.

Sasa nitazame nyumbani kwangu, Mheshimiwa. Miaka mitatu iliyopita, baada ya mtoto mmoja kufariki katika boma letu kwa homa, hawe wangu, mama aliyemzaa mama yangu, aliamka alfajiri akakuta karatasi imesukumwa chini ya mlango wake. Iliandikwa kwa Kiswahili safi na mkono wa mtu aliyesoma, ikimwita mutsai, yaani mchawi, na kumtaka aondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Alikuwa na shamba la mahindi, minazi michache, na sauti ya mwisho kuhusu ekari ambazo ndugu wawili wa ukoo walikuwa wamemwomba mara kadhaa akubali ziuzwe, naye akakataa kwa sababu marehemu mumewe alizikwa humo. Alipoipeleka ile karatasi kwa afisa mmoja ambaye sitamtaja, alishauriwa arudi nyumbani akapatane na jamaa zake. Wakati huo hakuna aliyetaja shamba kwa sauti. Shamba lilianza kutajwa baada ya yeye kuhamia mjini kwa shangazi yangu, na minazi yake ikaanza kuangushwa na wengine.

Huko mjini alinituma dukani nimnunulie rangi nyeusi ya nywele. Nilidhani ni urembo wa uzeeni, nikamtania. Akaniambia kwamba kichwa cheupe ndicho cha kwanza kutazamwa. Sikuweza kumjibu, na tangu siku hiyo nimewaona wazee wengine wengi, wanaume kwa wanawake, wenye nyuso za miaka themanini na nywele nyeusi tititi.

Yeye aliponea. Jirani yetu, mzee wa kiume aliyekuwa na ng'ombe watatu na hati ya shamba lake, alikatwakatwa usiku akiwa amelala. Nataja hili ili isidhaniwe kwamba nawatetea wanawake peke yao, maana wazee wa kiume wanaouawa ni wengi. Tuhuma huanza kwa namna moja: ugonjwa au kifo katika familia, kikao cha siri, mganga anayetoa jina, kisha vijana waliolipwa. Anayetaka ardhi hasemi anataka ardhi. Anasema mzee ameroga, na kuanzia hapo hakuna anayemuuliza juu ya ardhi, kama vile mwaka 1913 hakuna aliyetakiwa kumjibu Mekatilili juu ya kodi.

Sheria ya Uchawi tuliyonayo ni ya mwaka 1925, mwaka mmoja tu baada ya Mekatilili kuzikwa. Inakataza kumsingizia mtu uchawi au kumtishia kumsingizia, lakini inamwachilia anayepeleka tuhuma hiyo kwa chifu, kwa polisi au kwa mtu mwingine mwenye mamlaka, na huko vijijini kifungu hicho kinatumiwa kama mlango wa kuhalalisha tuhuma. Kesi ya mauaji husikizwa Mahakama Kuu, Malindi, mbali na kijiji, na mashahidi mara nyingi ni watoto, wakwe na wapwa wa marehemu, ambao baadhi yao walikuwa katika kikao kile cha siri na wengine wanalala umbali wa hatua kumi kutoka kwa waliokuwemo. Wanaponyamaza, kesi hufa.

Najua kwamba upelelezi wa jinai ni kazi ya serikali kuu, na sikuombi ukamate wauaji. Nakuomba yale yaliyo ndani ya uwezo wa ofisi yako. Katika bustani ya Malindi iliyopewa jina la Mekatilili, yawekwe maandishi kwa Kiswahili na kwa Kigiriama yanayoeleza kwamba aliitwa mchawi, nani walimwita hivyo na walikuwa wakitafuta nini. Maneno hayo yasomwe na watoto wanaopelekwa pale na walimu wao. Siku ya kumbukumbu yasomwe majina ya wazee waliouawa katika mwaka uliotangulia, kwa idhini ya familia zao, mbele yako na mbele ya wazee wa kaya, ambao kauli yao huko vijijini ina uzito kuliko tangazo lolote la redio.

La pili ni daftari. Maafisa wako wa huduma za jamii waandike kila kifo cha namna hii, kila barua ya vitisho na kila mzee aliyehama, pamoja na hali ya ardhi yake, na waendelee kufuatilia hadi kesi iamuliwe au mzee arejee. Bila daftari kila kifo huonekana kuwa ugomvi wa boma moja. Yakiwekwa pamoja, naamini ardhi itajitokeza katika kurasa nyingi mno kiasi cha mtu kutoweza tena kusema kwamba ni imani za kale tu.

Kituo cha Kaya Godoma, ambacho kimewapokea wazee waliokimbia makwao, kisibaki kutegemea huruma ya wahisani. Wazee walioko pale wanahitaji chakula na dawa, lakini zaidi ya hayo wanahitaji wakili na mpimaji wa ardhi watakaowasaidia kuandika mashamba yao na wosia wao wangali hai, kwa sababu mzee ambaye mgao wa ardhi yake umekwisha kuandikwa na kujulikana na wote hamwachii mtu faida ya kumwua.

Hawe wangu ameniambia kwamba, ofisi yako ikiridhia, yuko tayari kusimama pale bustanini siku ya kumbukumbu na kueleza yaliyompata kwa kinywa chake mwenyewe. Naomba jibu lako kabla ratiba ya Agosti haijapangwa.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Ganze