Damu mbadala: hatari zake zielezwe pia

Mhariri,

Hapa Kigoma, ambako ndugu wa mgonjwa huzunguka mtaa kwa mtaa wakitafuta mtu wa kundi O hasi, habari za damu mbadala iliyotengenezwa kwa himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, hupokewa kwa hamu kubwa, nami naielewa hamu hiyo. Hata hivyo, wasomaji wanastahili kuelezwa hatari zake. Himoglobini ikiwa nje ya chembe nyekundu humeguka vipande vidogo vinavyoumiza figo, tena hunasa nitriki oksaidi inayolegeza mishipa, hivyo mishipa hubana na shinikizo la damu hupanda. Watengenezaji waliziunganisha molekuli zake zisimeguke, figo zikapata nafuu, lakini tatizo la mishipa, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, likabaki. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 16 yenye wagonjwa 3,711, ukaonyesha kuwa hatari ya kifo iliongezeka kwa takriban asilimia 30 na ile ya shambulio la moyo ilikaribia mara tatu. Naomba gazeti lako litaje madhara hayo kila linapoandika habari hizi, na lichapishe pia ratiba za uchangiaji damu katika wilaya zetu.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma