Kuita bweha kwa spika kutatuletea chui

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mtindo ulioanza kushika kasi kwa baadhi ya vijana wa huku kwetu, chini ya milima ya Usambara, wa kufunga spika ndogo juu ya mgunga, kupiga sauti ya mwanambuzi anayelia, kisha kujibanza na simu mkononi kuwasubiri bweha.

Wameuona kwenye video za Marekani, ambako wawindaji hupanda milima ya Rocky na kumwita koyote, mnyama wa jamii moja na bweha, kwa kuiga kilio cha sungura aliyejeruhiwa. Sikatai kwamba koyote huitika. Lakini haji moja kwa moja. Huzunguka kwanza hadi upande unakoelekea upepo, akainua pua, na akishanusa harufu ya mtu hutoweka, na aliyenusurika hivyo si rahisi kumdanganya tena kwa mlio uleule. Pamoja na kuuawa kwa makumi ya maelfu kila mwaka, leo yumo katika majimbo yote ya nchi ile isipokuwa Hawaii.

Hata huko, kilio cha sungura humleta pia puma au dubu. Je, sisi tunaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi tunamwita nani? Kilio cha mwanambuzi usiku fisi anakisikia, chui naye anakisikia, na zizi haliko mbali. Kijana akishapata picha yake huzima spika akaenda kulala, sisi tukabaki na mbuzi wetu. (Wanaotaka kuua kabisa wakumbuke kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai leseni.)

Bweha huvizia zaidi wanambuzi wachanga, kwa hiyo anayewalaza ndani na kuziba vizuri miiba ya zizi lake hana haja ya kumwita bweha porini.

Kuna bweha mmoja wa kuogopwa kweli, naye haitwi: yule anayekujia mchana kweupe bila woga, akiyumba au kudondosha mate. Huyo huenda ana kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyohiyo akachanjwe, kwa kuwa dalili zikishajitokeza ugonjwa huo karibu kila mara huua.

Mfugaji,
Mnazi, Lushoto, Tanga